Kusoma Pamoja kwa Ajili ya Haki: Vikundi vya Vitabu Mtandaoni na Jirani Asiye na Bando

Katika miaka hii ya karibuni waamini wengi wa Afrika Mashariki, hasa vijana na watumishi waishio mijini, wameanza kukusanyika kwa njia ya simu ili kusoma vitabu pamoja. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: kitabu kimoja kwa miezi miwili au mitatu, sura moja kwa juma, kundi la WhatsApp ambamo washiriki huandika maoni yao au kutuma ujumbe wa sauti, na mara mojamoja mkutano wa video jioni, baada ya kazi. Vipo vikundi vinavyosoma riwaya, vipo vya biashara, vipo vya malezi ya watoto. Hapa tunapenda kutafakari juu ya vile vinavyochagua vitabu vya haki jamii na utunzaji wa mazingira, kwa maana vinazidi kuonekana hata katika parokia zetu, na Mama Kanisa anayo sababu ya pekee ya kuvitakia mema.

Sababu yenyewe inajulikana. Mnamo tarehe 24 Mei 2015 Baba Mtakatifu Francisko alitia saini Waraka wa Kitume wa Laudato si', juu ya utunzaji wa dunia kama nyumba ya wote. Katika waraka huo alikataa katakata kutenganisha kilio cha maskini na kilio cha dunia, akafundisha kwamba anayetaka kutibu kimoja hana budi kusikia na kingine. Waraka una sura 6 na aya 246. Karibu kila mwamini ameusikia ukitajwa mimbarini. Waliousoma kuanzia mwanzo hadi mwisho ni wachache, na si haki kuwalaumu, kwa kuwa ni maandishi mazito yanayohitaji mwenzi wa safari. Tarehe 4 Oktoba 2023 uliufuata Wosia wa Kitume Laudate Deum, mfupi zaidi na mkali zaidi, juu ya mabadiliko ya tabianchi. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alijichagulia jina la kumkumbuka Leo XIII, mwandishi wa Rerum novarum ya mwaka 1891 juu ya haki za wafanyakazi. Na mnamo Oktoba mwaka huohuo alitoa Wosia wa Dilexi te juu ya upendo kwa maskini. Kikundi kinachotafuta cha kusoma, basi, hakikosi.

Hata hivyo tunapaswa kuuliza kikundi cha namna hiyo kinazaa nini, na kinazaa kwa ajili ya nani. Simu ina tabia yake. Inawakutanisha watu walio mbalimbali kwa mahali lakini wanaofanana kwa hali: wenye simu janja, wenye bando la kutosha, wenye Kiingereza, wenye saa moja ya utulivu kila jioni. Watu hao husoma juu ya wasio na vitu hivyo. Kisha kwa kuwa mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma, mwingine Nairobi, na mwingine amehamia Canada, hakuna kisima wanachochota wote wala mto mmoja unaowafurikia wote. Mazungumzo yanaweza kuwa ya moto, hata ya machozi, na juma linalofuata wakaingia sura nyingine bila chochote kubadilika popote. Hilo ndilo linalotuhangaisha katika makala hii, maana tunavipenda vikundi hivi na hatungependa vife kifo hicho cha polepole.

Kusoma kwa pamoja si jambo geni katika imani yetu. Kitabu cha Nehemia, sura ya 8, kinasimulia jinsi Ezra alivyoisoma Torati hadharani mbele ya Lango la Maji, tangu asubuhi hadi adhuhuri, huku Walawi wakiwafafanulia watu maana yake hata wakaelewa. Wengi hukumbuka machozi ya watu siku ile. Tunasahau upesi agizo lililotolewa papo hapo: waende wakale na kunywa, na wampelekee sehemu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Na ukirudi nyuma hadi sura ya 5 ya kitabu hicho utakuta habari ya mashamba yaliyowekwa rehani na watoto waliotiwa utumwani kwa ajili ya madeni. Wasikilizaji wa Ezra walikuwa ndio walewale waliodaiwa na waliodai. Mwenye shamba lililochukuliwa na aliyelichukua walisimama uwanja mmoja, wakasikia neno moja.

Nchini Tanzania tuna kumbukumbu iliyo karibu zaidi, nayo inastahili kukumbushwa kwa vijana. Wenye umri wa miaka 65 na kuendelea watakumbuka mwaka 1973, wakati Serikali, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilipoendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima walikutana vikundi vikundi, darasani, chini ya mwembe au uani kwa mtu, wakasikiliza kipindi cha redio. Kisha kiongozi wa kikundi aliwasomea kwa sauti sehemu ya kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi juu ya malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2, katika nchi iliyokuwa na watu takriban milioni 15, na wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Kitabu kilikuwa kimoja mkononi mwa mmoja, na masikio yalikuwa ya wote.

Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika kile kilichofuata baada ya kusoma. Kikundi kilijadili: maradhi haya yapo hapa kwetu? Yanatoka wapi? Tufanye nini kabla ya kukutana tena? Vyoo vikachimbwa kwa wingi ambao nchi haikuwahi kuuona, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa, watu wakaanza kuchemsha maji ya kunywa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali, ambayo kwa lugha ya leo tungeiita kampeni ya haki ya mazingira. Hayo yote yalifanyika bila intaneti, kwa redio za betri na karatasi.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Kampeni zile ziliongozwa kutoka juu, na mara nyingi majibu yalikuwa yamekwisha kuandaliwa kabla mwanakijiji hajauliza swali lake. Tena miaka hiyohiyo, kati ya 1973 na 1976, familia nyingi zilihamishwa kwa lazima kupelekwa katika vijiji vya ujamaa, na waliosita walionja ukali wa dola. Marehemu Profesa Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliliandikia jambo hilo riwaya ya Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979. Kikundi cha kusoma juu ya haki kingefanya vema kuanza na kitabu kama hicho, ambacho wazee wa parokia wanaweza kukishuhudia kwa macho yao: mmoja akasema hivi ndivyo ilivyokuwa, mwingine akasema kwetu ilikuwa tofauti.

Tumetaja wazee kwa makusudi. Katika vikundi vingi vya mtandaoni wazee hawamo, na kutokuwamo kwao ni hasara ya kitaaluma, si ya adabu tu. Bibi anayekumbuka mto ulikuwa na kina gani kabla miti ya kingoni haijakatwa ana ujuzi ambao hakuna sura ya kitabu inayouleta.

Kanisa la ukanda huu lilikwisha kuona zamani umuhimu wa kukutana kwa jirani. Maaskofu wa AMECEA, katika mikutano yao mikuu ya mwaka 1973 na 1976, waliazimia kuzijenga Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa mahalia. Jumuiya hukutanisha nyumba kumi, kumi na tano, ishirini, zinazotumia njia moja na mara nyingi bomba moja la maji. Humo mwalimu wa sekondari hukaa jamvi moja na mama muuza dagaa, wakasoma somo la Dominika ijayo na kuulizana linawaambia nini. Miaka hiyohiyo ya sabini, huko Kenya, Anne Hope na Sally Timmel waliendesha mafunzo ya viongozi pamoja na majimbo ya Kanisa Katoliki, wakichukua mbinu za Paulo Freire wa Brazil, aliyewafundisha wakulima kusoma kwa kuanzia maneno ya maisha yao wenyewe. Na kabla yao Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyekuja kuwa Kardinali mwaka 1965, aliwafundisha vijana wa viwandani njia tunayoijua hapa kwetu kwa maneno matatu: ona, amua, tenda. Mtakatifu Yohane XXIII aliipokea njia hiyo katika Mater et magistra mwaka 1961.

Kwa hiyo hatuhitaji kubuni utaratibu mpya. Kinachohitajika ni kuifunga simu kwenye jumuiya, ili kitabu kinachosomwa usiku na watu watano wenye bando kizungumzwe Jumamosi na watu ishirini wasio nalo. Msomaji mmoja kwa kila jumuiya anatosha. Anasoma, anasimulia sura kwa dakika kumi kwa lugha ya nyumbani, anauliza swali moja, ananyamaza. Kisha anarudisha kundini yale aliyoyasikia. Hapo ndipo mazungumzo ya mtandaoni yanapoanza kuwa na chumvi, kwa kuwa yaliyosemwa na mama muuza dagaa yanawekwa mezani pamoja na yaliyosemwa na mtaalamu.

Tuchukue mfano wa mkaa, maana hakuna suala linalogusa haki na mazingira kwa pamoja kuliko hilo. Kikundi cha wasomaji wa mjini kikifika kwenye sehemu za Laudato si' zinazohusu misitu, mazungumzo huelekea haraka kwa mchoma mkaa: anaharibu, anakausha vyanzo vya maji, hana elimu. Mara nyingi anayeandika hayo anapikia gesi. Lakini mkaa huchomwa kwa sababu unanunuliwa, na Dar es Salaam ndiyo inayounguza misitu ya Pwani, Morogoro na kwingineko. Mwenye kipato hununua gunia. Asiye nacho hununua kwa kopo, leo la leo, na akijumlisha makopo ya mwezi atakuta amelipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye gunia. Mtungi wa gesi unaweza kuwa nafuu kwa mwezi mzima, ila unadai fedha zote siku moja, nayo siku hiyo haimfikii kamwe. Umaskini una hesabu zake, na hesabu hizo hazifanywi na mtu mjinga.

Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, kwa lengo la kuzifikisha asilimia 80 ya kaya kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, na afya ya akina mama waliovuta moshi miaka yote inalihitaji. Lakini jumuiya ikilijadili itauliza maswali ambayo kundi la simu peke yake huenda lisiyawaze: kijiji ambacho fedha yake ya ada na ya dawa hutokana na mkaa kitaishi kwa nini? Je, gesi itauzwa kwa kiasi kidogo, kama mkaa unavyouzwa kwa kopo? Mwenye jiko sanifu atalitengenezea wapi likiharibika? Maswali hayo ndiyo ekolojia fungamani, kwa Kiswahili cha jikoni.

Hayati Profesa Wangari Maathai aliufahamu mwelekeo huu. Alilelewa katika shule za masista: Mathari kule Nyeri, Loreto Limuru, kisha chuo cha Wabenediktini huko Atchison, Kansas, alikohitimu mwaka 1964. Katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 anaeleza jinsi Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, alilolianzisha mwaka 1977, lilivyoanza na wanawake wa vijijini waliolalamika kwamba hawana kuni, maji wala lishe. Maofisa misitu waliona haiwezekani wanawake wasio na stashahada wakaotesha miti. Wakaotesha, kwa makopo yaliyotoboka na vyungu vilivyovunjika, na kwa kila mche uliokua walipewa senti chache. Hata hivyo Maathai alitambua kwamba miche peke yake haitoshi. Alianzisha semina ambamo watu waliorodhesha shida zao na kuulizana zinatoka wapi. Orodha zilikuwa ndefu, na karibu yote yalilaumiwa Serikali. Hapo aliwaeleza mfano wa abiria aliyepanda basi lisilo lake: akifika asikokwenda, haitoshi kumlaumu dereva, bali ajiulize kwa nini hakuuliza kabla ya kupanda. Serikali ilikuwa na lawama zake, tena kubwa, na Maathai mwenyewe alipigwa na kufungwa kwa kuzitaja. Lakini hakumruhusu mwanakijiji ajitoe katika hesabu.

Kipimo hicho kitumike pia kwa mambo yaliyo mazito zaidi kisiasa. Vikundi kadhaa duniani vimesoma barua za Ken Saro-Wiwa, mwandishi wa Nigeria aliyewatetea Waogoni dhidi ya uchafuzi wa mafuta katika Delta ya Niger, akanyongwa pamoja na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995. Barua zile aliziandika kwa Sista Majella McCarron, mmisionari kutoka Ireland wa Shirika la Bibi Yetu wa Mitume, nyingi akiwa kizuizini, zikitoroshwa ndani ya vikapu vya chakula. Zilichapishwa mwaka 2013 kwa jina la Silence Would Be Treason. Kwa msomaji Mkatoliki ni maandishi ya kugusa, kwa kuwa yanaonesha mtawa mmoja alivyokuwa jirani wa mtu aliyekuwa akiachwa na wengi.

Sasa, mwamini wa Tanzania akizisoma barua hizo hawezi kuishia Nigeria. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita katika mikoa minane ya nchi yetu. Wapo waliofidiwa wakajenga nyumba bora kuliko za awali. Wapo waliolalamikia viwango na ucheleweshaji. Suala lenyewe limefikishwa mahakamani Arusha na Ufaransa. Hatuandiki hapa kupitisha hukumu juu ya mradi huo, na Delta ya Niger si Tanga. Tunachosema ni kwamba parokia iliyo kando ya bomba ina waamini waliotia saini karatasi za fidia, na kikundi kinachosoma habari za Waogoni huku hakijawahi kumuuliza jirani wa aina hiyo alielewa nini katika karatasi aliyotia saini, kinasoma kwa jicho moja.

Lugha ni kikwazo kinachopaswa kusemwa waziwazi. Vitabu vingi vya haki ya mazingira vimeandikwa kwa Kiingereza, na katika kundi la simu mwenye Kiingereza cha haraka huandika ujumbe mrefu, wengine wakabaki kuweka alama ya kidole gumba. Tungependekeza kikundi kiwe na kanuni: kitabu kiwe cha lugha yoyote, mazungumzo yawe ya Kiswahili. Anayeshindwa kueleza sura kwa Kiswahili huenda bado hajaielewa. Zaidi ya hapo, hazina yetu si ndogo kama tunavyojidhania. Kuli ya Shafi Adam Shafi inaeleza maisha ya wapagazi wa bandarini Unguja. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert inamfuata mtu aliyeacha kazi ya mshahara akarudi kwenye jembe. Na Kusadikika, riwaya fupi ya mwaka 1951, inahusu mtu aitwaye Karama anayeshtakiwa kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda kutafuta mema ya nchi nyingine, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Ni vigumu kupata kitabu kinachofaa zaidi kwa watu wanaotaka kujifunza haki kwa pamoja, nacho kinasomeka kwa siku mbili.

Jambo moja dogo linatuudhi. Katika makundi mengi kitabu hugawiwa kwa kupiga picha kurasa zote na kuzituma bure kwa kila mtu, wakati mwandishi yu hai, au warithi wake wapo, na mchapishaji wa Dar es Salaam anahangaika kulipa kodi ya pango. Nyaraka za Mababa Watakatifu hutolewa bure na hakuna kosa kuzisambaza. Riwaya ya mtu ni jasho lake. Watu kumi wakichanga, watanunua nakala mbili za karatasi zitakazozunguka, na nakala hizo zitabaki katika maktaba ya parokia baada ya kundi lenyewe kusambaratika.

Karatasi ina faida nyingine. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini Tanzania na hali ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Katika siku zile za majonzi, ambapo watu walihitaji kuliko wakati wowote kujua jirani yuko salama, makundi yote ya simu yalinyamaza. Aliyekuwa na jumuiya alibisha hodi mlango wa pili. Hatulisemi hili kuudharau mtandao, ambao umewaunganisha wagonjwa, walemavu na wanaoishi ughaibuni na masomo ambayo wasingeyapata kamwe. Tunasema tu kwamba kikundi kisicho na mlango wa kubisha hodi kinategemea kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukizima.

Baadhi ya mapadre wetu wameonesha wasiwasi kwamba vikundi vya haki vitageuka majukwaa ya siasa. Wasiwasi huo una msingi, hasa vinapoendeshwa na watu wasiojulikana na vikijaa taarifa zilizopelekwa kutoka makundi mengine bila kuhakikiwa. Lakini dawa yake ni kusoma zaidi. Mtu aliyezoea kuulizwa "hilo liko ukurasa gani?" huanza kuliuliza swali hilo hata kwa ujumbe anaotumiwa saa nne usiku. Paroko akiwemo kundini, hata kama haandiki chochote, mambo hutulia. Na Idara ya Haki na Amani ya Jimbo ipo kwa ajili ya kusaidia pale swali linapovuka uwezo wa wasomaji.

Kwa wale wanaotaka kuanza, tungeshauri wasianze na dunia nzima. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia tarehe 31 Januari 2024. Miongoni mwa taasisi hizo zimo shule za Kanisa, hospitali na seminari, zikiwemo zile tunazozichangia kila Dominika ya utume wao. Kikundi kikimaliza sura ya kwanza ya Laudato si' kinaweza kutuma watu wawili, kwa adabu na kwa barua ya paroko, kwenda kumwuliza mkuu wa shule iliyo karibu: jiko limebadilishwa? Kama bado, kilichokwamisha ni fedha, mafundi au nini? Kuni zinazotumika zinatoka shamba la nani, na mahali pake pamepandwa nini? Mpishi naye aulizwe, maana ndiye anayesimama kwenye moshi tangu saa kumi alfajiri. Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi pamoja na tarehe. Aliyeuliza mwezi Februari arudi tena mwezi Mei, mvua za masika zikiwa bado ardhini, akiwa na miche mkononi ikiwa jibu lilikuwa kwamba mahali pale hapajapandwa kitu.